Kinu Kitupu Chini ya Tuta

Bwawa lile lilikuwa la tajiri wa mkonge, upande wa Mchinga, na sisi tulikaa chini yake. Tuta la udongo lilisimama juu ya nyumba zetu, na pale chini maji yalikuwa yakivuja. Zamani yalivuja meupe. Mwaka nilioolewa yakaanza kutoka mekundu, yaani yalikuwa yanalila tuta kwa ndani. Mvua ikinyesha, nilikaa macho hadi ikatike.

Ikaja habari kwamba serikali ya Mwingereza inatuma mkaguzi kuyapanga mabwawa ya matajiri kwa hatari yake. Mume wangu, kibarua pale shambani, alitueleza: bwawa lenye watu chini yake ni la hatari, mwenyewe lazima apunguze maji na ajenge tuta upya. Lisilo na watu, anaachiwa lilivyo. Tulifurahi, wajinga sisi. Hatukufikiria kwamba kuondoa watu ni rahisi kuliko kujenga tuta.

Nyapara wa tajiri alikuja asubuhi na vijana wenye mapanga na debe la mafuta ya taa.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe wangu.

"Marahaba, baba," akaitika kwa mazoea.

Ndipo yule mtu akawasha paa. Laana imfuate hadi kaburini! Mbuzi wetu aliungua na kamba yake shingoni. Mama mkwe alipong'ang'ania mlango, walimkokota na kumpiga mateke ya mbavu mpaka akatema damu. Nyumba zote za bondeni zikaenda hivyohivyo. Majivu yakafagiwa, na juu ya sakafu tulizozisiriba kwa mikono yetu wakapanda miche ya mkonge kwa mistari, ili mkaguzi aone shamba.

Kinu cha mama mkwe kilikuwa kizito, kiliungua upande mmoja tu. Walikisukumia mferejini pamoja na michi yake wakakisahau. Siku ya mkaguzi tulikuwa tumejificha vichakani, mama mkwe akanishika mkono.

"Mkamwana, twende tukatwange."

"Tutwange nini, mama? Hata punje hatuna."

"Twende."

Tulikisimamisha kinu katikati ya mikonge, tukaanza kupokezana. Kinu kitupu kina mlio mkali kuliko chenye nafaka. Na palipo na kinu pana nyumba, hilo hata mgeni analijua. Juu ya tuta nikaona kofia ya mkaguzi inageuka.

Nyapara akateremka mbio. Safari hii hakuamkia. Alimpiga mama mkwe rungu la mgongo, mama akaangukia kinu. Mchi nilikuwa nao mkononi. Nilimpiga nao mdomoni kwa nguvu zangu zote, nikasikia meno yanavunjika, na sifichi, nilifurahi. Alipopiga magoti nikampiga tena. Vijana wake walinivunja mkono, nami naendelea kumtukana.

Mume wangu alikuwa juu, amemshikia mkaguzi fimbo ya kupimia, na ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Tajiri alikuwa anaapa kwamba zile ni kelele za mashine ya mkonge, chini hakuna mtu hata mmoja. Hapo nyapara akatokeza tutani, anatema damu na meno. Mkaguzi alimtazama, kisha akamgeukia tajiri.

"Kama hakuna mtu," akauliza, "huyu amepigwa na nani?"

Bwawa likapangwa kwenye daraja la hatari. Maji yakapunguzwa kabla ya masika, tuta likajengwa upya, majirani wakarudi. Mama mkwe hakuliona hilo. Zile mbavu zilimuua nikiwa jela ya Lindi kwa kumvunja nyapara meno, wala sikumwosha wala sikumlilia kaburini.

Jela walinipa kazi ya kutwanga mahindi ya wafungwa, kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Nilitwanga. Kila mchi uliposhuka niliuona mdomo ule, nikaupiga tena.