Chungu cha Mwisho Gulioni Lyulilo

Jumamosi nilikuwa gulioni Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, karibu na mama mmoja aliyebakiwa na chungu kimoja tu cha kuuza. Mzee mmoja aliyetoka Ngana akakipenda, akalipa, akakipakata. Hakukigonga, ingawa mnunuzi wa huku hugonga kwanza asikilize mlio: kizima hulia kama kengele.

Muuza vyungu wa jirani akafunika mdomo kwa khanga. "Nyamaza, dada. Kachagua mwenyewe."

Yule mama akautazama mtumbwi uliokuwa ukimsubiri yeye arudi kwao. Kisha akaita, "Baba, rudi! Hicho kiligongwa njiani, kina ufa chini. Maji ya maharage yatavuja yakuzimie moto."

Mzee akarudi, akakigonga kwa kidole. Kikalia kama ubao. Akarudishiwa pesa yake, akasema, "Ndaga fijo, mama. Asante sana."

"Hujui biashara wewe," jirani akamwambia mwenzake.

"Kesho naenda Meza ya Bwana. Nitapokea mkate kwa mkono huu huu?"

Mzee akavisogelea vyungu vya jirani, lakini akamgeukia yule mama. "Nigongee wewe. Utakachosema ni kizima, ndicho nitakachochukua."

Basi jirani akauza, na msema kweli akapanda mtumbwi na chungu chake kibovu. Nilitaka kulalamika kwa niaba yake, ila nikakumbuka kwamba kesho yake mimi nilikuwa na zamu ya kusoma neno kanisani. Nikajigonga kifua taratibu, mtu asinione.

Sikuupenda mlio.