Kilima Alichokisifu Akida

Vita na Wajerumani vilipokwisha, Akida wao alitutangazia kwamba kilima chetu kimepona. Alitangaza akiwa kitini, barazani kwake Mbwara, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Tazameni kilivyo kijani," alisema. "Mbuzi wenu walikuwa wakikichuna ngozi. Sasa kinapumua."

Mimi kusoma kwangu kuliishia juzuu ya tatu, lakini kijani cha mhogo na kijani cha upupu navitofautisha hata nikiwa na usingizi. Upupu hutambaa juu ya kila kitu, na maganda yake yakikauka, vinyweleo vyake vinawasha mpaka mtu avue nguo zake bila haya. Kijani alichokisifu ndicho hicho.

Na mbuzi waliosingiziwa walikwishaliwa. Wakati ule watu wanapewa maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru, Bibi, mama wa mama yangu, alibakiza kidogo akawanyunyizia mbuzi. Kama yanamlinda mtu, mbuzi yatamshindaje? Askari walipokuja hawakupoteza risasi. Walikuja na kamba. Walichoma maghala, wakaswaga mbuzi wote, sisi wakatushusha bondeni tukae mahali pa kuonekana. Akida, nasikia, alipelekewa maini.

Bibi alitaka jambo moja tu: kurudi kwake juu, karibu na chemchemi, kabla magoti hayajamkatalia. Dada yake wa Ngorongo alimpa mbuzi jike mmoja. Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda barazani kuomba ruhusa, na kila Ijumaa alijibiwa kwamba kilima kimepona, kisisumbuliwe na vikongwe.

Kwetu mbuzi hafungwi popote tu. Unachomeka kigingi chini ya kilima, mbuzi anakula duara la kamba yake, kesho unakisogeza kamba moja juu. Unapanda hivyo mpaka chemchemi, kisha unashuka kwa upande mwingine. Mbuzi anaula upupu ungali mchanga, haujazaa. Nyuma yake panabaki majani mafupi, na humo kanga wanataga, kware wanaparua, na vile viua vya manjano ambavyo sijui jina lake vinapata jua. Bibi alilieleza hilo kwa adabu. Akida alipiga miayo.

Ijumaa moja, baraza limejaa, Bibi akamwambia, "Basi Bwana Akida, twende ukanioneshe hiyo afya yake. Mimi macho yangu mabovu."

Watu walicheka chini chini, naye akikataa angeaibika. Kesho yake asubuhi tukapanda watatu, yeye mbele na kanzu yake nyeupe. Kiangazi kilikuwa kimekolea.

Palipokuwa na majani mafupi palikuwa pamefungwa na kichaka kimoja, kirefu, kimya. Kanga hakuna. Vile viua nilivitafuta kila mahali. Nguruwe mwitu walikuwa wamechimbua ming'oko, viazi vya porini vilivyotulisha wakati wa njaa, na chemchemi ilikuwa tope la kwato zao.

"Uzuri ulioje," alisema Akida, maana alikwisha kuwatangazia watu hivyo.

"Njia hiyo ina upupu, Bwana Akida," nilimwambia.

"Unanifundisha njia, we mtoto?"

Akauingia. Akashika tawi ili asiteleze, maganda yakamwagika shingoni. Bibi alinishika mkono. "Mke mwenzangu," alininong'oneza kwa utani wake wa bibi na mjukuu, "muache kidogo apumue."

Nilijaribu kumwacha. Lakini alipoanza kulia kama mtoto, huku akijikuna kwa kucha zote, moyo wangu ukalegea. Nikateka tope la chemchemi nikampaka shingo na mikono. Tope la nguruwe, na aliomba jingine.

"Kaeni huku huku," alisema akishuka. "Kaeni na nguruwe wenzenu. Nisisikie tena habari ya kilima hiki."

"Ahsante, Bwana Akida," alisema Bibi, kwa adabu ileile.

Siku hizi Akida anawaambia wageni kwamba aliturudisha kwa huruma. Na bado anakisifia kijani chake, akiwa kitini.

Tuna mbuzi mmoja, na mwanawe. Ukiwatazama wawili hao na kilima kizima, unaweza kucheka, na watu wa bondeni wanacheka. Mimi nimekwisha kuliona, kichwani mwangu, kundi zima likishuka toka chemchemi. Bibi anasema yeye hatafika huko na kigingi, mimi nitafika. Anasema akiwa anachambua mboga, hataki nimjibu.

Jana, kwenye duara la juzi, nilikuta kware wawili wakiparua. Sikuwakaribia. Nilipita kando, nikasogeza kigingi kamba moja juu.