Flashi ya Saa Sita

Nikifungua kabati na harufu ya dawa ya nondo ikinipiga puani, naona ile kofia pana ya kukhu, nyanya yangu, aliyoivaa Krismasi pekee. Siku moja tu isiyo Krismasi aliivaa ili apigwe picha mjini Kitale, picha yake ya kwanza maishani. Jua lilikuwa la utosini, na bado mpiga picha akawasha flashi.

Mdomo wangu hauna breki. "Ati flashi saa sita? Bana, kukhu ni mweusi mpaka jua limeshindwa!"

Watu wakacheka. Nikajiona staa.

Kukhu hakucheka. "Zima hiyo taa yako."

"Lakini mama, si kofia inakutia kivuli?" mpiga picha akasema. "Uso utapotea."

"Nimesema uzime. Jua la Mungu litanitosha."

Hakupigwa picha nyingine. Hiyo iko ukutani kwetu Tongaren: kofia imetoka safi, kola nyeupe imetoka, hata vifungo. Chini ya kofia ni giza tu.

Wageni wakiuliza kukhu alikuwa anakaa aje usoni, wote hunigeukia, si mimi ndiye mwenye maneno. Mimi huaga nikisema naenda kufungia kuku, hata ikiwa saa sita mchana.