Mkanda wa Baba na Betri za Kaka

Kazi yangu ni kusafisha vyumba vya wageni hotelini, kwa hiyo kinyaa changu hakiko karibu. Nimezibua mifereji ya bafu iliyojaa nywele za watu, nimekunja mashuka ambayo sitayaeleza hapa, na mchana nikala chakula changu vizuri tu. Nayasema haya mapema ili nikisema kwamba kaka yangu amenitia kichefuchefu, mtu asidhani anayeongea ni mtoto wa kudeka.

Lakini habari hii ni ya dada, mimi nimeidandia tu. Dada ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba ya baba ndicho karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, mafurushi ya nguo za wateja ukutani. Nyuma, juu ya meza ya pasi, pana waya, vitaa vidogo, na chuma cha kulehemu kinachonuka mpaka nguo za watu zinanuka. Ugonjwa huo ulianza cherehani yake ya umeme ilipokufa na fundi umeme akamzungusha kila siku njoo kesho. Akaifungua mwenyewe, huku akitazama video kwenye simu. Cherehani ikapona, dada ndiye hakupona. Siku hizi ana vibao vya kielektroniki vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja kompyuta ndogo unayoiambia la kufanya: mlango ukifunguka piga kengele, giza likiingia washa taa. Nilimwambia mwanamke wa umri wake anacheza na wajukuu. Akanijibu kwamba wajukuu hawana swichi ya kuwazimia.

Sasa baba. Baba alikuwa msoma mita za maji. Maisha yake yote ya kazi aliingia kwenye nyua za watu, akachuchumaa, akasoma namba, akaenda nyumba ya pili. Akili imemtoka, miguu imebaki. Akipata mwanya anatoka kwenda kazini, anachuchumaa kwenye mabomba ya watu na kusoma namba kwa sauti. Majirani wanamjua, wanamrudisha. Akitembea anakuwa mtu mwenye furaha. Akizuiwa analia, na kilio cha mzee aliyekulea hakizoeleki.

Siku moja alifika mpaka dukani kwa kaka, akajisaidia haja ndogo ukutani mbele ya wateja. Kaka anauza chaja, vifuniko vya simu na betri, na mtaa mzima unamwita Bei Poa. Aibu ile haikumtoka. Kesho yake alikuja na nyundo, akapigilia komeo nje ya mlango wa chumba cha baba, kama banda la kuku, na kufuli juu. Ufunguo akautia mfukoni mwake.

Shangazi, dada yake baba, ndiye mwenye kauli ya mwisho kwetu. Alikuwa anasafiri. Alipiga simu akasema kufuli lisifungwe mpaka arudi. Dada akiwa amepata njia ya kumlinda mzee, komeo litang'olewa, na akiwa hajapata, mlango utafungwa. Kwa hiyo dada alikuwa na muda mpaka shangazi arudi, na baba naye, ingawa hakujua, alikuwa na muda huo huo.

Njia aliyoipata dada ilikuwa mkanda wa kiunoni. Ndani yake kibao kimoja kinachotuma mawimbi ya redio kila mara. Kwenye cherehani kibao kingine kinachoyasikiliza. Baba akivuka geti, mawimbi yanafifia, kibao cha cherehani kinalia, na dada anatupa kazi anamfuata. Tulijaribu kwa kuning'iniza kibao kwenye shingo ya mbuzi wa jirani, kikafanya kazi vizuri kuliko mbuzi mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa betri. Alianza na betri za kawaida za tochi, akalalamika kwamba ni nzito na zitambinya mzee. Akawa anawaza zile za mviringo zinazochajiwa, ambazo ndogo tu inabeba nguvu nyingi, ila alikuwa anaziogopa. Aliniambia umeme mwingi namna ile ukipata njia ya mkato unageuka moto.

Kaka akasikia. Akaja na mbili, za zambarau, zinang'aa. Akasema ni mpya, zimetoka kwenye boksi, na kwamba jambo la mzee yeye atakosaje kuchangia. Dada alitokwa machozi. Mimi nilimkaangia mayai kwa mkono wangu mwenyewe, na mayai yale yananiuma mpaka leo.

Niseme haki: dada alichukua tahadhari. Kwenye waya wa kwenda kwenye kibao aliweka fyuzi. Akaweka na kijibao cha kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi wala kukamuliwa mpaka mwisho. Kosa lake lilikuwa la fundi nguo. Aliijaza mifuko ya mkanda pamba ili isimuumize baba, akaishona pande zote mishono miwili miwili, na vifungo akavitia nyuma, mgongoni, ili baba asiweze kuuvua. Ulikuwa mkanda mzuri, ungeuvaa harusini.

Bahati yetu dada hamvalishi mtu kitu ambacho hajakijaribu. Hata gauni la mteja mnene atalivaa, atatembea nalo chumbani kama amevaa hema. Akaniambia nimfunge mkanda, akakaa kushona. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Alipoinama kuokota kitambaa nikamwona amejishika ubavu. Akasema, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, hebu nifungue." Nilipofika harufu ilikuwa imeshatoka, tamu tamu, ya kuchefua, na moshi unapenya kwenye mishono yake mizuri. Vifungo vya mgongoni vilinishinda, vidole vinateleza. Nikachukua mkasi wa kukatia vitambaa nikakata kila kitu, mkanda, blauzi, na ngozi yake kidogo. Mkanda niliutupa uani nikaufunika kwa mchanga. Dada alibaki na kidonda ubavuni kama alama ya pasi, na cha kwanza alichosema ni kwamba pale pangekuwa ubavu wa baba, na baba asingejua kuomba afunguliwe.

Ulipopoa akaupasua. Fyuzi ilikuwa nzima, maana umeme haukufika kwenye fyuzi. Njia ya mkato ilikuwa kwenye kichwa cha betri yenyewe. Dada alinieleza hivi: mwili mzima wa betri ile ni upande wa hasi, na chanya ni kile kitufe cha katikati tu, kwa hiyo kiwandani huweka pete ya karatasi kichwani ili viwili hivyo visikutane. Hii ya kwetu haikuwa na pete. Alipoinama, kibati kinachounga kitufe na waya kikaegemea ukingo wa betri. Halafu, kwa ncha ya mkasi, akalichuna lile gamba la zambarau lililoungua. Chini yake palikuwa na gamba jingine, la kijani, kuukuu, na kutu.

Kaka alikuja jioni ile. Hakuulizia kidonda. Alisimama katikati ya chumba akasema haya ndiyo aliyokuwa akiyaogopa, michezo ya waya ndani ya nyumba ya mzee, dada amelehemu vibaya na nusura awachome watu. Kuhusu gamba la kijani alisema kiwanda kinajua kinachofanya. Akampigia shangazi papo hapo, kwa sauti ya huzuni, akamwambia mtambo wa dada umelipuka na mlango ufungwe. Mtu ana macho makavu yule.

Kesho yake nilipotoka kazini nilipita dukani kwake. Alikuwa na wateja, anawavika vilemba vya ukoka. Nikasema naomba choo, nikapita nyuma. Sikufika chooni. Kwenye ukumbi mdogo wa nyuma kulikuwa na ndoo zimejaa betri zilizotolewa kwenye laptopu mbovu, zimebanjwa kwa nyundo. Nyingine zimevuja, maji yake yamekauka kuwa ukoko mweupe sakafuni, na sakafu inanata kwenye soli. Harufu ilikuwa ile ile ya ubavuni mwa dada. Juu ya benchi, rundo la magamba mapya ya zambarau, yamechapwa namba kubwa kubwa, na mashine ya kukaushia nywele ya kuyabana kwa joto. Pembeni, zilizokwisha kuvalishwa, safi, zimepangwa kama pipi. Pete za karatasi sikuziona hata moja. Nilitapika kwenye ndoo yake, na sijajuta.

Nilimwambia dada. Nilitaka nikapige kelele mtaani. Dada alikuwa anashona mkanda mwingine, wa betri tatu ndogo za kawaida, zile za rimoti, kwenye kikasha cha plastiki chenye kifuniko, fyuzi pale pale kikashani, hamna pamba, unavaliwa juu ya shati na unafunguka kwa kuvuta utepe mmoja. Ulikuwa mbaya kuutazama. Aliuvaa mwenyewe kutwa, siku nyingi, na haukupata hata uvuguvugu. Akaniambia nifunge mdomo mpaka shangazi afike, kwa sababu kaka kwa maneno hatumwezi.

Shangazi akafika. Tukakaa karakanani, yeye kwenye kiti cha wateja, kaka kwenye benchi na kikombe cha chai, baba pembeni yake anasoma namba za kwenye tepu ya kupimia. Kaka alizungumza vizuri sana. Alitaja usalama, alitaja heshima ya mzee, mpaka akaitoa leso. Akasema ufunguo anao, kazi ni kufunga tu.

Dada akauliza kama zile betri zilikuwa nzima. Kaka akasema mpya kabisa, aliye na kosa ni aliyelehemu. Dada akainuka, akatoa mkanda wa pamba, aliokuwa ameuziba upya, vifungo vyake vimerudishwa nyuma.

"Betri ulileta mbili," akasema. "Hii ya pili, iliyo humu, sikuigusa kwa chuma cha kulehemu. Ivae wewe, kaka, huku tunaongea."

Kaka akacheka. Akasema ana joto. Akasema mambo ya kitoto hayawezi. Dada alibaki ameunyoosha mkono. Mwishowe kaka akasema mkanda wenyewe umekatwa kwa kiuno cha mzee, yeye hautamtosha.

Baba akaacha tepu. "Wangu huo?" akauliza. "Leteni basi, nachelewa kazini." Akauchukua mkononi mwa dada, akapandisha shati, na tumbo lake likaonekana, ngozi nyembamba, laini, ya mtu asiye na wa kumtetea. Akauzungusha kiunoni. Mikono haikufika nyuma. Akamgeuzia mgongo aliyekuwa karibu naye, naye ni kaka. "Nifunge hapo, kijana."

Nilimtazama kaka. Nilikuwa nasubiri aseme neno moja, hata la uongo, kwamba mkanda ni mchafu, kwamba mzee ale kwanza. Kaka aliweka kikombe chini. Akamfunga baba vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Kisha akachukua kikombe chake akaanza kuipuliza chai.

Nilirukia mkasi. Dada akanishika mkono, akamsogelea baba, akafumua mfuko wa mkanda kwa kiwembe chake cha kufumulia na kutoa kilichokuwa ndani. Kilikuwa kijiti cha kuzungushia uzi, cha mbao, kimekwisha uzi. Akakiweka mezani mbele ya shangazi. Mimi mwenyewe hakuwa ameniambia.

Kaka akasema alijua tangu mwanzo kwamba mkanda hauna betri. Hakuna aliyemuuliza alijuaje. Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza kwa sababu ya shangazi.

Shangazi alikichukua kijiti kile, akakigeuza geuza. Kisha akanyoosha kiganja upande wa kaka, hakumtazama usoni. "Ufunguo," akasema.

Kaka akautafuta mifuko yote, akautoa. Shangazi akautazama mkanda wa utepe kiunoni mwa dada, akaniambia nikalete nyundo ning'oe komeo, yeye akiwepo. Nilipokuwa napita, baba alikuwa bado ameushika mkanda kiunoni kwa mikono miwili. Alimgeukia kaka, akamshukuru kwa kumfunga vizuri, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani.