Wito wa Nne

Ukitaka kugombana na Mama Audax wa Bunju, mwekee tamthilia ya wafalme. Askari wa enzi za mikuki akivaa saa mkononi, yeye ndiye atakayeiona kwanza, na hapo hamtasikia tena waigizaji wanasema nini. "Uongo!" atafoka. "Wafu hawana wakili, ndiyo maana mnawasingizia!"

Jina lake la ubatizo ni Auleria. Katika usichana wake huko Bukoba aliwasaidia wakongwe wa ukoo kuvisha maiti rubugo, lile vazi la gome la mti. Basi kampuni moja ilipotaka kuigiza maisha ya mtawala wa kale, Mukama Lwabishaka, ikamfanya mshauri wa mila. Mwanawe wa pekee, Audax, akapata nafasi ya Mukama mwenyewe. Mama alitembea mtaa mzima kifua mbele.

"Kila kitu kiwe kweli," alimwambia dairekta, kijana aitwaye Talha. "Nusu ya kweli ni uongo uliopigwa pasi."

Maziko ya Mukama waliyashuti saa tano asubuhi, ndani ya nyumba ya nyasi iliyojengwa nyuma ya ukuta wa matofali. Mila ya ukoo ilikuwa hivi: marehemu akishaviringishwa rubugo, mama yake humwita "mwanangu" mara tatu. Asipoitika, mama hufunga fundo la mwisho kwenye bega la kushoto, na mtu wake keshakabidhiwa kwa waliotangulia. Walio hai hufunga kulia. Na wakongwe walikuwa wakisema, wito wa nne si wa watu.

Mama Audax aliigiza mama wa Mukama yeye mwenyewe, maana fundo lile hakumwamini mwingine kulifunga. Akaita. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na Audax, kama alivyoagizwa, akanyamaza kimya. Mama akafunga kushoto. Jua lilikuwa kali, lakini vidole vyake vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye maji ya mtungi.

"Kata!" akasema Talha.

Audax alichelewa kuinuka. Alipoinuka, alikuwa akitweta.

"Mama, mbona umeita mara nne? Ya nne nusura niitike."

Talha akacheka, akarudisha sauti kwenye mashine. "Tatu tu, braza. Sikiliza mwenyewe."

Mama Audax hakucheka. Alimfungua mwanawe kwa pupa, almanusura amchane ngozi.

"Turudie," alisema. "Fundo liwe kulia. Na kusiwe na kuita."

"Lakini mama, si ulisema kulia ni kwa walio hai?" Talha akauliza.

"Nilikosea."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya watu wa kale, na ulimuuma kama jino bovu. Lakini wakarudia vile alivyotaka.

Miezi michache baadaye, jioni tamthilia iliporushwa, simu ikalia kabla hata haijaisha. Ni Demetria, binamu yake wa Bukoba, aliyejifunza naye kwa wakongwe walewale.

"Auleria! Maiti inafungwa kulia? Na kuita je? Nani kawafundisha upuuzi huu?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe unayetukana runinga za watu?"

"Nimesahau, dada. Uzee." Alisema kwa sauti ya chini, uso ukimwaka aibu. Alijua kesho ukoo mzima utamcheka, na alikuwa tayari kuchekwa mpaka kaburini.

Nje uani, Audax alikuwa akifua viatu vyake.

"Naam, mama!" akaitika kwa nguvu.

Mama Audax aliiacha simu kochini, Demetria akiwa bado anaongea, akatoka mbio. Audax alikuwa amesimama, kiatu kinachuruzika povu mkononi. Hakuwa ameelekea mlango wa nyumba. Alikuwa ameelekea geti la nyuma, na ameshapiga hatua mbili.

Aliposikia kandambili za mama yake akageuka, macho yamejaa mshangao.

"Si umeniita?"

Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Ni mimi niliyekuita."