Bi Mwatum na Vitambulisho vya Makuli

Bi Mwatum binti Khatib alizaliwa Wete, Pemba, akaja Tanga kwa ndoa. Alipofiwa na mumewe, akiwa na miaka thelathini na minane, alipata kazi ya kufunga vyombo vya watu wanaohama. Kampuni ilikuwa ya Bwana Hilal, hapo Chumbageni: malori mawili, na moja mara nyingi lilikuwa juu ya mawe likisubiri tairi. Mtumishi akipata uhamisho kwenda Songea au Mwanza, sisi ndio tuliomhamisha.

Sahani Bi Mwatum alizipanga kwa ubavu, akizitenganisha kwa makumbi ya nazi. Glasi alizifunga kwa majani makavu ya mgomba. Mimi nilikuwa karani, na daftari la vilivyovunjika lilikuwa langu: katika miaka sita aliyofunga yeye, vikombe vinne na kioo kimoja. Hicho kioo mpaka leo anasema kilikuwa na ufa tangu kwa mwenyewe.

Mwaka 1979 mteja mmoja alidai tumempotezea saa ya ukutani. Baada ya mwezi ikaonekana kwa dada yake, ambako aliisahau mwenyewe. Tangu siku ile Bi Mwatum hakufunga kitu bila kukitaja kwa sauti na mwenye nyumba kuitikia kuwa ni chake. Kisichoitikiwa hakiingii kwenye kasha. Wateja walinung'unika. Daktari mmoja aliitikia vijiko ishirini na vinne, cha ishirini na tano akasema, "Hiki chukua wewe, Bi Mwatum, nimechoka."

"Basi sema si chako, nikiandike upande wa pili," alijibu.

Mwaka 1984 sabuni na vitambaa vilianza kurudi madukani, na kazi zetu zikaongezeka. Makuli wetu wanane waliletwa na mnyapara mmoja, Manase, aliyewatoa milimani Lushoto na kuwalaza kwenye banda nyuma ya nyumba aliyopanga. Wakati ule misako ya Nguvu Kazi ilikuwa bado inawatia watu hofu. Aliyekutwa njiani bila kitambulisho cha kazi aliweza kuchukuliwa na kupelekwa mashambani. Kwa hiyo Bwana Hilal aliandika vitambulisho vinane, akatia sahihi, akampa Manase agawe.

Mwezi wa Agosti Bi Mwatum alikatikiwa na sindano ya magunia. Akamwita Noa, kuli aliyekuwa hodari kuliko wote.

"Noa, mwanangu, nikimbilie dukani."

"Niwie radhi, Bi Mwatum. Getini nafika. Nje sifiki."

"Kwani nje kuna simba?"

"Simba afadhali. Haulizi kitambulisho."

Ndipo alipoeleza. Vitambulisho hawajawahi kuvishika. Manase anavyo nyumbani kwake, na wao hutoka bandani wakiwa naye, hurudi wakiwa naye. Noa alikuwa anaoa kwao Mlalo, huko Lushoto, Jumamosi ya tarehe mosi Septemba, na kanisani matangazo yalishasomwa mara mbili. Alimwomba Manase kitambulisho mara tatu. Jibu lilikuwa kwamba hatoki mtu mpaka Krismasi.

"Na ukienda bila?"

"Kuna vizuizi njiani. Nitaishia kwenye mkonge badala ya kanisani, na bibi harusi ataolewa na mzee wa kanisa."

Bi Mwatum alimpelekea habari Bwana Hilal siku hiyo hiyo. Hilal alimuuliza Manase, na Manase akacheka. "Hawa, bwana, wanapoteza hata kofia iliyo kichwani. Nawatunzia." Hilal akarudi ofisini ameridhika.

"Anayekutunzia kitu chako, ukikiomba hukupa," Bi Mwatum alimwambia. "Noa kaomba mara tatu."

"Nikimuudhi Manase, nani atabeba makabati? Wewe?"

Bi Mwatum alirudi kwenye magunia yake. Alikuwa na kilo hamsini na moja. Tulikuwa tumempima kwa mzaha kwenye mizani ya mizigo.

Jumanne ya tarehe 28 Manase mwenyewe alihama. Alikuwa amepata nyumba mtaa wa Usagara, hapohapo Tanga, naye alitaka ahamishwe kama wakubwa: lori la kampuni, makuli wote wanane, na Bi Mwatum afunge. Bwana Hilal alikuja kumtakia heri, akapewa kiti uani. Mimi nilikaa juu ya kinu na daftari.

"Funga tu, Bi Mwatum," Manase alisema. "Sisi ni watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani ndio wanaogombana. Sufuria tatu?"

"Zangu."

"Chungu kimoja, kina ufa?"

"Changu, na ufa wake."

Tuliendelea hivyo hadi mkewe, Bertha, alipotoka chumbani na kopo la biskuti. "Na hili lilikuwa juu ya kabati. Nadhani ni vifungo vya shati." Akavuta kifuniko na kumpa Bi Mwatum kopo likiwa wazi.

"Hilo nitalibeba mwenyewe," Manase alisema, akainuka.

Bi Mwatum alikuwa ameshatoa cha juu. "Kitambulisho cha kazi kimoja. Jina, Noa Shekiondo. Chako, Bwana Manase?"

"Ni vya makuli. Nawatunzia."

"Sikuuliza unamtunzia nani. Chako?"

Manase alimtazama Bwana Hilal, na Hilal alikuwa anaitazama sahihi yake.

"Si changu," Manase alisema.

"Basi sikifungi. Mwenyewe yupo?"

"Nipo," sauti ya Noa ilitoka mlangoni, "ila nimebeba kabati."

"Litue."

Kabati likatuliwa palepale mlangoni. Noa alifuta mikono kwenye suruali, akapokea kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma. Bi Mwatum alikuwa ameshachukua cha pili. Alivitaja vyote vinane, na kwa kila kimoja Manase alilazimika kujibu. Bertha alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga.

"Baba," alimwambia mumewe, "mbona hukunambia nalala na watu wanane juu ya kabati?"

Hilal alisimama. "Manase, nilikupa ugawe."

"Watakimbia wote, bwana. Utaona."

"Nitaona."

Makuli walitazamana. Bi Mwatum akawaambia mteja ni mteja, wakabeba kila kitu hadi Usagara, na hakuna kilichovunjika. Niliandika sifuri.

Kuanzia kesho yake kampuni haikuwa na mnyapara. Makuli waliajiriwa mmoja mmoja, wakapanga vyumba Ngamiani. Wawili waliondoka moja kwa moja, na Noa alipanda basi la Lushoto. Bwana Hilal alipoteza usingizi, maana alibaki na watano, na mmoja wao alikuwa na ngiri.

Katika siku hizo Bi Mwatum alimuuliza, "Na wanaotusokotea kamba Kigombe, na fundi wa makasha, nao hawana mtu mwenye kopo?" Hilal akatutuma. Kigombe tulikuta wanawake wakipiga makumbi, na mmoja alipoulizwa kama kuna anayeshikilia karatasi zake alicheka. "Bibi, mimi nilicho nacho ni watoto watano. Anayetaka kuwashikilia aje kabla hawajala." Fundi wa makasha, kinyume chake, hakukubali tuzungumze na vijana wake peke yao. Hilal alinuna siku nzima, lakini makasha tukaanza kununua kwingine.

Jumatatu ya tarehe 10 Septemba, saa moja asubuhi, Noa aliingia getini na mke wake na shemeji yake mpana wa mabega aliyekuwa anatafuta kazi.

"Shikamoo, Bi Mwatum. Shikamoo, bwana." Kisha akainamisha kichwa. "Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa shati la harusi. Mke wangu kalifua."

Alitoa karatasi iliyovimba kama andazi. Sahihi haikuonekana tena.

Bwana Hilal aliishika kwa vidole viwili, akavuta pumzi. Nilidhani atamtaja Manase na maneno yake ya kofia. Akakaa, akaandika kingine, akapuliza wino ukauka, akampa Noa mkononi.

"Na shemeji naye anaitwa nani?" akauliza, kalamu ikiwa bado hewani.

Bi Mwatum hakungoja. Alimwambia Noa aje upande wake, maana kuna mteja wa Mwanza, na friji haijashushwa ngazi.