Kura Chini ya Macho ya Msimamizi

Mimi ndiye niliyeleta kura ya simu katika chama chetu cha mafundi cherehani, mtaani Kisugu. Ninalisema mapema, kwa sababu hasira niliyo nayo hadi leo, nusu yake inanielekea mwenyewe. Zamani tulinyoosha mikono mbele ya mwenyekiti, naye akizikariri nyuso zetu. Nikadhani simu itatuondolea woga huo: kila mtu ajitenge, abonyeze, basi.

Siku ya kumchagua mwenyekiti nilimkuta jirani yangu wa kibanda, mjane wa askari kutoka kaskazini, amekaa tu mbele ya cherehani. Mezani palikuwa na mche mpya wa sabuni na pakiti ya sukari.

"Umenunua?" nikamuuliza.

"Nimepewa." Hakuniangalia. "Dada, mimi nimepiga kura, lakini si mimi niliyepiga."

Nikavuta kigoda. Akanieleza kwamba msimamizi wa vibanda, mtu wa mwenyekiti, alikuwa amepita asubuhi kibanda kwa kibanda. Alisimama nyuma yake akasema, akimwita bibi kwa heshima, "Fungua simu, nyabo, nione." Aliposita, akamkumbusha kwamba kibanda kile kinatakwa na wengi. Basi mjane akabonyeza jina la mwenyekiti. Msimamizi akaweka sabuni na sukari mezani, akaenda kwa mwingine.

"Mume wangu alilinda masanduku ya kura miaka mingi," akasema. "Mimi hata kidole changu nimeshindwa kulinda."

Nilipanda boda hadi mtaa wa Bugolobi, kwa fundi wa kompyuta aliyetutengenezea mfumo ule. Nikamuuliza kama mtu aliyelazimishwa anaweza kupiga tena akiwa peke yake, ya mwisho ndiyo ihesabiwe.

"Niliiweka nafasi hiyo toka mwanzo," akanijibu. "Kamati yenu ikaniambia niiondoe. Walisema italeta vurugu."

Kamati! Nami nilikuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo, na hakuna aliyeniuliza.

Jioni, kikaoni, mwenyekiti alinisikiliza kwa upole wa kuudhi. "Mama, kura ni kura. Nani alishikwa mkono?"

"Hakuna aliyeshikwa mkono," nikasema. "Walitishiwa riziki."

Mwenyekiti akafungua ajenda iliyofuata. Nilishaanza kuona aibu, ndipo yule mjane alipoinuka, akaenda mbele, akaiweka ile sabuni mezani pa mwenyekiti. "Chukua yako," akasema. "Mimi nipeni kura yangu." Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, "Hata mimi." Kisha nyingine. Kamati haikuweza tena kutuzima.

Kura ile ikafutwa. Ya pili, kura ya simu iliachwa wazi wiki nzima, mtu abadilishe apendavyo. Na aliyetaka alikuja ukumbini siku ya mwisho, akaacha simu mlangoni, akaandika karatasi nyuma ya pazia. Karatasi hiyo ilifuta kura yake ya simu. Mjane alikuja wa kwanza, amevaa gauni alilojishonea.

Mwenyekiti alishinda tena, kwa kura chache. Iliniuma, lakini nilikubali, kwa kuwa safari hii alichaguliwa kweli.

Kisichonitoka moyoni ni msimamizi. Hakuulizwa neno. Hadi leo anapita vibandani na daftari lake, ananiamkia kwa heshima zote, na mimi simwitikii.